Popo wa michezo yetu

Nimewaacha muda mrefu bila neno, lakini leo nimekuja na mzigo, kwa hiyo mwenye chai na aisogeze karibu. Nataka tuzungumze historia ya michezo yetu hapa Kenya. Mambo ya mabao na medali mnayajua kunishinda, sitayarudia sana. Historia ninayoitaka leo ni ya pesa: pesa za umma zinazoingia katika vyama vya michezo mwaka nenda mwaka rudi, na swali dogo ambalo wakubwa wa vyama hivyo hawapendi kuulizwa. Zimetumikaje?

Ngano ya popo nadhani sote tulisimuliwa. Siku ndege walipotozwa kodi, popo alionyesha meno akasema, "Mimi ni mnyama." Siku wanyama walipotozwa, akakunjua mabawa akasema, "Mimi ni ndege." Kila nikiandika habari za vyama vya michezo humkumbuka huyo popo. Timu ikitaka tiketi za ndege na posho, chama ni cha taifa, bendera inapeperushwa na wimbo unaimbwa. Mkaguzi wa hesabu akibisha mlango, chama ni cha watu binafsi, serikali isiingilie, na akizidi kubisha anaambiwa Zurich au Lausanne watapelekewa barua.

Popo huyu ana umri. Kwa miaka mingi vyama vyetu vya michezo vilisajiliwa kwa Sheria ya Vyama, sheria ileile iliyosajili vyama vya kuzikana na vikundi vya kuchangiana. Kikundi cha mtaani hakina shida hapo. Wanachama ni ishirini, kila mmoja anajua ametoa ngapi, na mweka hazina akizila pesa atakutwa sokoni Jumamosi. Shirikisho la kandanda la nchi nzima ni jambo jingine. Wanachama wake ni vyama vidogo na klabu, wanaopiga kura ni wakubwa wa vyama vidogo na klabu, na mwananchi ambaye kodi yake imenunua tiketi hana kadi wala kura. Wanaotakiwa kumuuliza mwenyekiti hesabu ni walewale wanaomtegemea kwa safari ijayo. Utaona kwa nini hawamuulizi.

Na ukitaka kujua watu hukaa muda gani pahali pasipo na maswali, tazama wawili tu. Marehemu Isaiah Kiplagat alishika uongozi wa riadha 1992 akauacha 2015. Mzee Kipchoge Keino, shujaa wetu wa Mexico 1968 na Munich 1972, aliongoza Kamati ya Olimpiki ya Kenya (NOCK) kuanzia 1999 hadi 2017. Kila mmoja wao alipitisha marais watatu wa nchi: Moi, Kibaki na Uhuru. Rais wa Jamhuri ana vipindi viwili. Mwenyekiti wa chama alikuwa na pumzi yake tu.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika. Uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa Wachina, ulikuwa bado unanukia rangi. Harambee Stars walifika fainali wakafungwa na Misri bao 1-0, na kabla ya mwaka kwisha Gor Mahia wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia. Wazee wetu wakianza kuusimulia mwaka huo hawanyamazi, na wana haki. Lakini mimi naona hapo ndipo tulipozoea vibaya. Uwanja ulionekana, timu ilionekana, sherehe ilikuwa kubwa mno kwa mtu kuanza kuuliza risiti. Ushindi ulikaa mahali pa hesabu. Ulipokuja kuondoka, tukakuta hapana ushindi wala hesabu.

Nao haukuchelewa kuondoka. Kenya ilikuwa imepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikashindwa kujitayarisha, ikapokonywa, na kombe likaenda Afrika Kusini, ambako wenyeji walilitwaa. Septemba 2017 tukapokonywa tena, safari hii CHAN ya 2018, kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Morocco wakaichukua. Kati ya aibu hizo mbili ni miaka ishirini na zaidi. Mtoto aliyezaliwa siku ya aibu ya kwanza alikuwa na kitambulisho cha taifa siku ya pili.

Sasa njoo 2004, maana hapo ndipo vita vya serikali na shirikisho vilipoanza kuonekana kimataifa. Mwanzoni mwa mwaka ule Harambee Stars walikwenda Tunisia kwenye Kombe la Mataifa, mara yao ya kwanza tangu 1992, na kocha Jacob Mulee, "Ghost" wetu, akatupa angalau furaha ya kuwafunga Burkina Faso 3-0. Vijana hawajapumzika vizuri, KFF ikawa imevunjwa na Waziri Najib Balala, kamati ya mpito ikaundwa, na kesi za pesa za shirikisho zikafika kortini. Katikati ya mwaka FIFA ikaifungia Kenya kwa kosa la serikali kuingilia. Miezi michache baadaye kifungo kikaondolewa. Oktoba 2006 kikarudi, na hakikuondolewa hadi Machi 2007.

Kanuni ya FIFA ni hii: chama mwanachama lazima kijiendeshe chenyewe, bila mkono wa mtu wa nje. Ukiisoma hivi hivi ni kanuni nzuri. Hakuna anayetaka waziri apange kikosi, au rais wa nchi achague kipa (ingawa katika bara hili hayo pia yameonekana). Tatizo ni jinsi ilivyotumika kwetu. Waziri alipovunja chama kwa tangazo la mchana mmoja, alifanya kosa ambalo FIFA ilikuwa ikilingoja. Mazungumzo yakahama. Jana watu walikuwa wakiuliza pesa zimekwenda wapi. Leo wanauliza tutarudi lini kwenye ratiba. Na kila mara tuliporudi kwenye ratiba, swali la kwanza lilikuwa limesahauliwa.

Kituko kikubwa zaidi kilikuja baada ya hapo. Makundi ya KFF yaliendelea kugombana, korti zikajaa amri za kuzuia hili na lile, mpaka ikafika mahali kandanda ya Kenya ikaendeshwa na kampuni. Naam, kampuni! Iliitwa Football Kenya Limited, FKL, na FIFA iliitambua, huku KFF nayo ikiwapo na watu wake wakidai ndio wenyewe. Timu ya taifa, ambayo jina lake ni Harambee, yaani mchango wa wote, ikawa chini ya kampuni yenye neno "Limited" mwishoni. Hali hiyo ilidumu hadi uchaguzi wa Oktoba 2011 uliolizaa shirikisho la sasa, FKF. Nikiulizwa popo alikuwa na sura gani alipokuwa amenona, nitaonyesha barua yenye nembo ya FKL.

Wakati huo huo, bila kelele nyingi, nchi ilikuwa imekwisha kujibu kitendawili cha popo. Katiba tuliyoipitisha Agosti 2010, kifungu cha 229, inasema Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kukagua hesabu za taasisi yoyote inayopewa pesa za umma. Yoyote. Haisemi taasisi ya serikali. Uwe ndege, uwe mnyama, ukila pesa ya umma fungua daftari. Kisha ikaja Sheria ya Michezo ya 2013, ikaviondoa vyama vya michezo katika ile rejista ya vyama vya kuzikana, ikavipa Msajili wao, ikaunda Mahakama ya Migogoro ya Michezo, na ikataka katiba za vyama ziwe na uchaguzi na hesabu zinazokaguliwa. Kwenye karatasi tulikuwa tumefika mbali kuliko majirani wetu wengi.

Karatasi.

Novemba 2015 wanariadha wenyewe ndio waliovamia. Kundi la wakimbiaji lilikwenda Riadha House, makao ya Athletics Kenya hapa Nairobi, likafunga mlango na kuwafungia maafisa nje. Walikuwa na hasira za mambo mengi, dawa za kusisimua misuli na ufisadi yakiwa mbele. Fikiria tu: watu ambao miili yao ndiyo inayoleta pesa, wanafunga mlango wa ofisi yao wenyewe ili wasikilizwe. Kabla mwezi haujaisha, tume ya maadili ya shirikisho la riadha la dunia ikawasimamisha maafisa watatu wa juu. Madai mojawapo yalihusu pesa za mkataba wa Nike. Agosti 2018 mmoja wao, aliyekuwa makamu wa rais wa chama, alifungiwa maisha.

Mtu ataniambia pesa za Nike si za serikali, ni za biashara. Kweli, hazikutoka Hazina. Lakini Nike walinunua nini? Walinunua kifua chenye rangi nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, na jina KENYA. Hilo jina si la afisa yeyote. Likiuzwa, tuambiwe limeuzwa bei gani.

Sasa Rio. Hapa nitakaa kidogo, maana Rio 2016 ndiyo iliyofungua mambo kuliko kelele zote za kabla yake.

Usiku wa ufunguzi, tarehe 5 Agosti 2016, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimpa Mzee Keino tuzo mpya kabisa, ya kwanza ya aina yake, kwa kazi aliyofanya kuwalea na kuwasomesha watoto kule Eldoret. Dunia nzima ilisimama kumpigia makofi, na sisi tulivimba kifua. Lakini huku nyuma mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika. Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015, kijana aliyejifundisha kurusha kwa kutazama video za YouTube, alifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akaambiwa hakuna tiketi yenye jina lake. Bingwa wa dunia! Ikabidi wenzake wapige kelele ndipo tiketi ikapatikana. Alikwenda, akarusha mita 88.24 mara moja, akaumia, na mrusho huo mmoja ukampa fedha.

Sare nazo zilikuwa hadithi yake. Wanariadha walilalamika hawakupewa vifaa vyote vilivyoletwa na mfadhili. Baadaye polisi walisema wamepata mzigo wa vifaa vya timu nyumbani kwa afisa. Kisha kuna kisa ambacho mimi hakinitoki: kocha wetu mmoja wa mbio fupi alirudishwa nyumbani kwa aibu kwa kutumia kitambulisho cha mwanariadha ndani ya kijiji cha Olimpiki, na wapimaji wa dawa wakamchukua wakidhani ndiye mwanariadha. Dunia ikaandika kwamba Wakenya wanadanganya vipimo. Mwanariadha mwenyewe alieleza kwamba alimpa kadi ili apate kifungua kinywa. Kosa ni kosa, sitamtetea kocha aliyejifanya mtu mwingine mbele ya wapimaji. Lakini kocha wa timu ya taifa kwenye Olimpiki anatafuta mkate kwa kadi ya kuazima, huku kuna watu waliokwenda Rio kwa pesa za umma wasio na kazi yoyote katika timu? Hilo la pili si maneno yangu, lilithibitishwa kortini, nitalifikia.

Na michezo ilipokwisha, kijiji kilipofungwa, baadhi ya wanariadha walibaki Rio wakingoja ndege. Wesley Korir, ambaye alikuwa katika timu ya marathon na wakati huo huo ni mbunge wa Cherangany, ndiye aliyeiambia dunia walikolazwa, katika malazi duni karibu na mitaa ya mabanda. Sijui nchi nyingine ambayo mbunge wake alikuwa mkimbiaji wa Olimpiki na shahidi wa ufisadi kwa safari moja. (Huyu popo wetu siku hiyo alikuwa amemkosea mtu mwenye kipaza sauti.)

Msisahau kwamba timu hiyo hiyo ilirudi na dhahabu 6, fedha 6 na shaba 1. Rudisha, Kipchoge, Faith Kipyegon, Vivian Cheruiyot, Conseslus Kipruto... Jemima Sumgong naye alishinda marathon, ingawa mwaka uliofuata alinaswa kwa dawa. Zamani medali 13 zingetosha kufunika kila kitu, kama 1987. Safari hii hazikutosha. Watu walikuwa na simu na picha, na hasira ilikuwa imefika shingoni.

Tarehe 25 Agosti 2016 Waziri wa Michezo, Hassan Wario, akatangaza kuivunja NOCK. Tulipiga makofi wengi. Mahakama Kuu ikasimamisha uamuzi wake, na wengi tukalalamika kwamba korti inawalinda wezi.

Sikilizeni yaliyofuata. Oktoba 2018 watu kadhaa walifikishwa katika korti ya kesi za ufisadi, Milimani. Mmoja wao alikuwa Wario mwenyewe, ambaye kufikia hapo alikuwa ameondolewa kwenye baraza la mawaziri na kupelekwa Vienna kuwa balozi. Mzee Keino pia alikuwa kwenye orodha ya washukiwa, lakini akaachwa nje ya mashtaka. Septemba 2021 hukumu ikatoka. Wario alipatikana na hatia ya kutumia vibaya mamlaka kwa kuwaingiza katika msafara wa Rio watu watatu wasiostahili, akaambiwa alipe faini ya shilingi milioni 3.6 au aende jela miaka 6. Stephen Soi, mkuu wa msafara, akatozwa faini ya shilingi milioni 105. Washtakiwa wengine watatu wakaachiliwa. Faini za kesi hizi huwa kubwa kwa sababu sheria yetu ya ufisadi humtaka hakimu aongeze mara mbili ya faida au hasara iliyopatikana.

Mnaona tulipofika? Waziri aliyesimama mbele ya kamera kuivunja kamati kwa ajili ya uchafu wa Rio alikutwa na sehemu ya uchafu huohuo mikononi. Ndiyo maana mimi siungi mkono wanaosema dawa ni serikali ichukue michezo yote. Pesa za Rio zilipitia wizarani na zilipitia kwenye msafara, na hukumu ilimpata mtu wa kila upande. Mpaka kati ya chama na wizara, ule tunaopigania kila mara, panya walikuwa wakiuvuka usiku bila pasipoti.

Kitu kimoja kilichofanya kazi haraka hakikuwa tangazo la waziri wala korti. Mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizuia pesa zake kwa NOCK hadi katiba irekebishwe na uchaguzi ufanyike. Ikazuia tu. Haikumfukuza mtu. Septemba mwaka huohuo uchaguzi ukafanyika na Paul Tergat akaingia. Nilikuwa nikijiuliza: mbona sisi, wenye kutoa kodi, hatujawahi kujaribu hilo?

Kuna nchi iliyojaribu, tena mwaka uleule. Uingereza ilikuwa imetunga kanuni ya utawala bora kwa kila chama cha michezo kinachopewa pesa za umma au za bahati nasibu ya taifa, ikaanza kutumika Aprili 2017. Inataka mipaka ya vipindi vya uongozi, wajumbe huru kwenye bodi, angalau asilimia 30 ya kila jinsia, na hesabu kutangazwa. Julai chama cha mpira wa meza cha England, Table Tennis England, kilipiga kura kubadilisha katiba yake ili kifuate kanuni. Zilihitajika asilimia 75. Zikapatikana 74.93. Hebu fikiri ingekuwa hapa, tungezungumza, tungekunywa chai, tungeafikiana kwamba 74.93 ni 75. Sport England ikasimamisha pesa, takriban pauni milioni 9 za miaka minne. Hakuna waziri aliyevunja chama, hakuna askari aliyekwenda ofisini. Chama kilibaki huru kabisa kukataa, ila kingekataa kwa pesa zake. Agosti wakaitisha mkutano mwingine, wakapitisha kwa kura nyingi mno. Shirikisho la dunia la mchezo huo halikuwa na la kulalamikia.

Sisemi Uingereza ni watakatifu. Miaka hiyohiyo watoto wa sarakasi za viungo walikuwa wakiteswa na makocha wao, na ripoti ya 2022 ilianika hayo. Kanuni ya bodi haikuwalinda. Nasema tu kwamba kuna njia ya kumbana popo bila kumvunja mabawa.

Sisi 2021 tulirudia njia yetu ya zamani. Na tulikuwa na sababu kubwa zaidi ya kudai hesabu, kwa kuwa tangu 2018 kuna Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaojazwa na kodi za kamari. Yaani hata kijana wa Kayole anayepoteza mia mbili kila Jumamosi kwa kuiamini Arsenal naye amechangia tiketi ya Harambee Stars. Msajili wa Michezo aliagiza FKF ikaguliwe, hatua iliyo ndani ya sheria. Wangesubiri hapo, wakafunga bomba la pesa, wakampeleka Mkaguzi Mkuu, hadithi pengine ingekuwa nyingine. Tarehe 11 Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed akavunja uongozi wa FKF na kuteua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Rais wa shirikisho akakamatwa na kushtakiwa, hakutiwa hatiani. Februari 2022 FIFA ikatufungia, pamoja na Zimbabwe. Kombe la Mataifa la 2023 tukaondolewa kwenye mchujo kabla ya kupiga hata mpira mmoja. Klabu zetu zikakaa nyumbani msimu mzima wa mashindano ya Afrika.

Novemba 2022, serikali ikiwa mpya, Waziri Ababu Namwamba akaurudisha uongozi uleule uliovunjwa, na FIFA ikafungua mlango. Mwaka mzima! Watu walewale, ofisi ileile, na mwananchi hajasomewa hesabu alizoambiwa ndizo sababu ya yote. Mabadiliko ya viongozi yalikuja kwa njia ya kawaida kabisa, uchaguzi wa Desemba 2024, Hussein Mohammed akachaguliwa na McDonald Mariga akawa makamu wake. Waliorithi kiti wamerithi pia kifungu cha 229, na mimi kama mwandishi nitakuwa nikiwakumbusha.

Lakini nikifikiria mwaka ule wa kifungo, siwafikirii Harambee Stars sana. Nawafikiria dada zao, Harambee Starlets. Oktoba 2021 walikuwa wamewafunga Sudan Kusini mabao ya kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili na bado vikapungua. Mechi iliyobaki ilikuwa dhidi ya Uganda, Februari 2022, na ushindi ungewapeleka Morocco kwenye Kombe la Afrika la wanawake. Walikuwa wamelicheza mara moja tu, 2016. Hawakushindwa na Uganda, maana hawakucheza nao. Kwa sababu ya mgogoro wa ofisini Kenya iliondolewa, Uganda wakapita bila kutoa jasho, na Julai wasichana wetu wakatazama mashindano hayo kwenye televisheni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutia saini hundi ya shirikisho. Walifuzu tena Oktoba 2025, kwa kuwatoa Gambia, na katika kile kikosi cha mwaka 2022 wapo waliokuwa wameshaacha mpira.